Anodaizi au rangi ya unga? Uzoefu wangu na vipuri vya alumini baharini

Natengeneza mabano ya pampu na vifuniko vya taa za boti hapa Mombasa, vingi kwa alumini ya aina ya 6082 (namba ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali) iliyochongwa kwa CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta. Vyote huishi kwenye chumvi. Nimeshapeleka vipande kwa mafundi mbalimbali wa kumalizia uso, na kwa kazi ya baharini sasa nalipia anodaizi, yaani kuugeuza uso wa alumini kuwa oksidi ngumu kwa umeme, ila kwa masharti.

Kupuliza punje za kioo kunafuta alama za kisu na kipande kinapendeza sana mkononi. Kinga hakuna. Upepo wa bahari ukikipiga, madoa na unga mweupe vinaanza kujitokeza. Mimi huitumia kama hatua ya kutangulia anodaizi tu.

Rangi ya unga ndiyo rahisi kupatikana, maana mafundi wa milango na madirisha wanayo, na rangi ni za kuchagua. Huokwa kwenye joto la kama nyuzi 180 hadi 200 na kuacha tabaka la mikroni (elfu za milimita) 60 mpaka 120 hivi. Kwa kifuniko cha nje sina neno. Lakini kwenye tundu la beringi unene huo unaharibu vipimo vyote, kwa hiyo lazima tundu lizibwe kabla ya kupuliza. Tena kona ikikwaruzika, au pale skrubu ya chuma cha pua inapobana, chumvi hupenya chini ya rangi na alumini huliwa bila kuonekana mpaka malengelenge yatokee.

Anodaizi ni jambo jingine kabisa. Kipande huzamishwa kwenye asidi ya salfuriki, umeme unapitishwa, na uso wa alumini wenyewe unageuka kuwa oksidi ngumu. Hakuna cha kubanduka. Kwa kazi ya nje hapa pwani naagiza mikroni 25. Kwa sehemu zinazosuguana naagiza anodaizi ngumu, ya mikroni 50 hivi, na hapo ndipo mchoro unapotaka hesabu. Karibu nusu ya tabaka huota kwenda nje, kwa hiyo tundu linapungua kipenyo kwa kama 0.05 mm. Kwenye nyuzi za skrubu athari ni kubwa zaidi, takriban 0.1 mm, kwa sababu ya mteremko wa meno yake. Nati inagoma. Ama ukate nyuzi zikiwa na nafasi, ama uzizibe. Kona nazo zizungushwe kidogo, kwa kuwa kwenye ncha kali oksidi hupasuka.

Karakana moja iliwahi kunirudishia vifuniko vyeusi vizuri mno kuvitazama, vikageuka zambarau juani. Oksidi ina vitundu vidogo vinavyonywa rangi, na visipozibwa sawasawa kwa maji yanayokaribia kuchemka, rangi haidumu. Tangu hapo kila mzigo naujaribu kwa doa la wino wa kalamu: likifutika lote, napokea, likibaki, narudisha. Narudisha bila aibu, maana mwenye boti ndiye atakayeumia.

Aloi nayo isemwe mapema. 6082 na 6061 hutoka safi. 2024 ina shaba nyingi, tabaka lake ni dhaifu. Alumini ya kumimina yenye silikoni nyingi hutoka kijivu chenye mabaka, na ukichanganya aloi katika oda moja usitegemee rangi zifanane. Jambo jingine ambalo mafundi wa boti hulisahau: oksidi haipitishi umeme, basi pale panapofungwa waya wa ethi pazibwe pabaki chuma tupu.

Karakana ninayoitumia sasa huuliza aloi na vipimo kabla ya kutaja bei, na hilo limenifanya nibaki nao. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano wameikosa kwa sababu wanatoza bei ya mzigo mzima hata ukipeleka kipande kimoja cha majaribio.