TAHADHARI: Anayeuza "mbegu za vanila" za pakiti ni tapeli

Wakulima wenzangu, hasa wa Kagera na Kilimanjaro, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza mbegu za vanila. Shangazi yangu wa Karagwe ameshalizwa. Alituma 500,000, hela yote ya kahawa ya msimu uliopita, akaletewa pakiti 20 kwa basi. Akaandaa kitalu, akatandaza nyasi, akamwagilia asubuhi na jioni kwa wiki saba. Hakikuchipua kitu.

Nilipofika nikafungua pakiti moja iliyobaki. Mbegu zilikuwa nyeusi, zina mikunjo, saizi ya mbegu za papai. Ndugu zangu, pasua tunda la vanila lililokaushwa ukwangue kwa kisu: utaona vichembe vidogo kama vumbi, vimegandamana kwa mafuta, huwezi kukishika kimoja kwa vidole. Hizo ndizo mbegu zake, na ukizimwaga kitaluni hazioti, maana zinahitaji kuvu maalumu au maabara. Vanila ni jamii ya okidi. Mkulima anapanda rando, kipande cha mmea chenye urefu wa kama mita moja, kilichokatwa kwenye mmea mzima usio na ugonjwa. Mimi ninayo kwenye kibanja, imepanda kwenye mibono katikati ya migomba, na sijawahi kugusa mbegu.

Uongo wa pili ni muda. Alimwambia shangazi atavuna baada ya miezi minane. Rando likitunzwa vizuri linatoa maua mwaka wa tatu hivi. Ua linafunguka asubuhi moja tu, na usipolichavusha kwa kijiti siku hiyohiyo linaanguka. Huku kwetu hakuna mdudu wa kukufanyia kazi hiyo. Asili ya vanila ni Mexico, na namna hii ya kuchavusha kwa mkono aliigundua Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Ukishachavusha, tunda linakaa miezi kama tisa ndipo likomae.

Halafu bei. Aliahidi kununua vanila mbichi kwa 800,000 kwa kilo. Anatumia ile habari ya 2018, wakati kilo ya vanila ya Madagaska ilifika karibu dola 600. Ile ilikuwa kavu, na inahitaji kilo tano au sita za mbichi kupata kilo moja kavu. Na bei yenyewe iliporomoka baadaye. "Mkataba" aliomtumia shangazi ni picha tu, hauna anwani wala namba ya usajili wa kampuni.

Mtakavyomtambua: hataki kuonana, anasema shamba liko mbali, malipo yanakwenda namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea silo analojitambulisha nalo, pakiti hazina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ujumbe wake nimeshautuma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na polisi tumefungua jalada.

Shangazi nimempelekea marando 12 ya kwangu, tumeyapanda nyuma ya jiko lake. Yule mtu tangu wiki iliyopita amebadili laini na anatumia jina la kike, ila picha ya shamba ni ileile, yenye bango la kijani na gari jeupe pembeni. Tafadhali wasomeeni wazazi wasiotumia simu janja, maana siku hizi anawapigia moja kwa moja.