Vipimo vya maji ya akwariamu: nilivyoviona kwa maji ya Kivu

Nimetumia aina tatu: vijikaratasi vya kuchovya, seti ya vichupa vya matone, na kalamu ya umeme ya kupima pH, yaani kiwango cha asidi au ualkali wa maji. Samaki wangu ni wa ziwa Tanganyika, walipitia Uvira na Bukavu kabla ya kunifikia hapa Goma. Maji yao ni ya ziwa Kivu, yawe yametoka kwenye robine (bomba) au yameletwa kwa bidoni (jerikeni). Nalitanguliza hilo kwa sababu maji ndiyo yanayoamua kipimo gani kinafaa na kipi ni cha kupoteza dola.

Vijikaratasi kwanza, nivimalize. Kopo likifunguliwafunguliwa wakati wa mvua, vinanyonya unyevu na rangi zake hazieleweki tena. Vingi havipimi amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kabisa, na amonia ndiyo inayoua samaki kwenye tangi jipya. Nimebaki navyo kwa kazi moja tu: klorini. Huku kwetu, kipindupindu kikizuka, pale ziwani kunakuwa na watu wanaotia klorini ndani ya bidoni kwa sindano. Nilimwomba mama mmoja aiache bidoni yangu bila dawa, akacheka: “Kumbe samaki nazo zinaogopaka klore, Papa!” Zinaogopa sana. Kijikaratasi hakikuambii kiasi kamili, lakini kikionyesha rangi hata kidogo, maji hayo yanalala kwenye beseni na pampu ya hewa mpaka kesho, kisha yanapimwa tena. Kwa swali la ndiyo au hapana, kinatosha.

Seti ya matone ndiyo ninayoitegemea, ingawa si vichupa vyote. Kadi ya kulinganishia rangi ya pH ya juu katika seti yangu inaanzia 7.4 na kuishia 8.8. Maji ya juu ya ziwa Kivu yana pH ya karibu 9. Kwa hiyo kila nikipima napata rangi ile ile ya mwisho, zambarau iliyokolea, na kadi inasema 8.8. Tafsiri yake ni “8.8 au zaidi”, na hiyo “zaidi” ndiyo niliyotaka kuijua. Waliochora kadi hiyo nadhani hawakuwa na ziwa letu akilini.

Jambo hilo linagusa pia kipimo cha amonia. Dawa ya matone inapima amonia yote kwa pamoja, ile yenye sumu na ile isiyo na madhara makubwa. Mgawanyo wake unategemea pH na joto. Kwenye nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya yote. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Mfugaji wa Ulaya mwenye maji laini ya pH ya chini akiona 0.5 (miligramu kwa lita) kwenye kadi anaweza kusubiri hadi kesho. Mimi nikiona 0.5 nabadilisha maji usiku huo huo. Kipimo hakijadanganya, ila maelezo ndani ya kasha hayakuandikwa kwa maji kama haya.

Nitriti, ambayo amonia hugeuka kuwa, sina neno nayo: rangi ya buluu ya anga inageuka zambarau, huwezi kukosea. Nitrati, hatua inayofuata nitriti, inataka subira. Kichupa cha pili lazima ukitikise kwa nguvu sekunde 30, halafu utikise mrija wenyewe dakika nzima, halafu ungoje dakika 5. Dawa yake inatuama chini, na usipotikisa unapata nambari ndogo inayokufurahisha bure. Njia ya kukijaribu ni hii: changanya maji ya tangi nusu kwa nusu na maji ya chupa uliyoyapima ukayaona hayana nitrati. Kama tangi lilisema 40, mchanganyiko useme 20. Seti yangu inafaulu mtihani huu. Usitumie maji ya mvua kwa mchezo huo, maana moshi wa volkano ya Nyiragongo unaifanya mvua ya upande wetu kuwa na asidi.

Na rangi zisomwe mchana, dirishani, mrija ukiwa mbele ya sehemu nyeupe ya kadi. Umeme ukikatika, tochi ya simu inaleta mwanga wa kibuluu, na kijani cha amonia kinakuwa cha kubishania na mke wangu.

Kwa pH nimehamia kalamu. Ni ya bei nafuu, imekuja na pakiti tatu za unga wa kuirekebishia, za pH 4.00, 6.86 na 9.18. Hiyo ya 9.18 iko jirani kabisa na maji yetu, kwa hiyo ndiyo ninayoitumia. Bila kuirekebisha mara kwa mara inahama polepole, na ncha yake ikikauka imekwisha. Ila ikitunzwa inanipa jibu pale kadi inapokomea.

Kipimo cha matone cha KH (ugumu wa kaboneti wa maji) nacho ni kizuri, maana unahesabu tu matone mpaka rangi igeuke, hakuna kukisia. Shida ni kwamba maji ya Kivu yanakunywa matone mengi mno. Napima nusu ya maji yanayotakiwa, kisha nazidisha kwa mbili.

Seti ikiisha sitanunua kasha zima tena. Muuzaji akikubali kuniuzia vichupa vimoja vimoja, nachukua amonia, nitriti na nitrati, nikitazama kwanza tarehe ya kuisha. Vya pH abaki navyo.