Sadeli za shaba na zile nyeusi: miezi saba ya kupiga gitaa karibu na bahari

Napiga gitaa la solo kwenye bendi ndogo hapa Unguja. Mwisho wa wiki tuko kwenye mahoteli ya Paje na Jambiani, siku nyengine harusi za mjini. Kwa muda mrefu uzi wangu wa kwanza, ule mwembamba, ulikuwa hauvuki wiki mbili. Unakatika, na kila ukikatika ni pale pale: kwenye daraja, mahali uzi unapopinda kuingia tumboni mwa gitaa. Nilibadilisha aina ya nyuzi mara tatu, wapi. Siku moja nikawasha tochi ya simu nikainama kutazama. Sadeli ilikuwa imebambuka rangi yake ya kung'aa, na chini ya uzi pamechimbika mfereji wenye ukingo mkali. Nilipopitisha ukucha, ukakwaruzwa. Skurubu zote zilikuwa nyekundu kwa kutu.

Kwa asiyezijua, sadeli ni vile vidude sita vilivyopangwa juu ya daraja la gitaa la umeme, kila uzi na chake. Unavisogeza mbele au nyuma ili noti zikae sawa mpaka freti za juu (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), na unavipandisha au kuvishusha kurekebisha kimo cha uzi. Wapigaji wengi huumiza kichwa na kile kipande cha mfupa kilicho mwanzo wa shingo. Lakini kipande kile kina kazi unapopiga uzi mtupu tu. Ukishabana freti, uzi unaotetemeka unaanzia kwenye freti na kuishia kwenye sadeli. Hakuna noti utakayoipiga ambayo sadeli haimo.

Gitaa langu ni la umbo la Stratocaster, lile gitaa la umeme la Fender, la bei ya chini, na sadeli zake zilikuwa za mchanganyiko wa zinki, ule unaoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Magitaa mengi ya bei hii yamo humo humo. Nikaamua kununua za shaba ya njano, na hapo nilifanya kosa lililonigharimu: niliagiza bila kupima. Zilizokuja zilikuwa na upana wa milimita 11.3 kila moja, na daraja langu ni la milimita 10.5. Sita hazikuenea, ya mwisho ikabaki mkononi. Kwa hiyo kabla hujatoa senti, chukua rula, pima kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita pale kwenye daraja. Ukipata kama milimita 52 na nusu, unataka za 10.5. Ukipata zaidi ya 56, wewe ndiye wa 11.3. Zipo pia za 10.8, ndiyo maana nasema pima, usikisie. Seti ya pili iliniingia mkononi baada ya mwezi mzima, ikapita Dar es Salaam na kuvuka kwa boti.

Siku ya kwanza na shaba nilifurahi mno. Gitaa likawa na mlio mpana, nyuzi nene zinavuma, nyembamba hazichomi sikio. Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimefunga na nyuzi mpya siku ile ile. Nyuzi mpya peke yake hung'arisha gitaa lolote, basi furaha yangu haikuwa ushahidi.

Nikaanza upya kwa utaratibu. Nilinunua pakiti za nyuzi za aina moja na unene mmoja. Nikarudisha zinki na nyuzi mpya, nikarekodi kwa simu iliyowekwa kitini mbele ya amplifaya, vitufe vyote havikuguswa. Nikafunga shaba na nyuzi mpya nyengine, nikarekodi kipande kile kile. Kisha nikaenda kwa ami yangu, mpigaji udi wa miaka mingi, mtu ambaye sikio lake naliamini kuliko langu. Sikumwambia ipi ni ipi.

"Rudia ile ya pili, mwanangu," akasema. Nikarudia. "Hii noti yake inakwenda mpaka inajiishia yenyewe. Ile ya mwanzo inaanza vizuri halafu inakatwa."

Ya pili ilikuwa shaba. Nilimpigia tena na tena kwa kuchanganya, na mara nyingi aliitambua. Lakini nilipomwekea rekodi ya bendi nzima, ngoma, kinanda na besi vikiwemo, akatikisa kichwa: hapo hasikii kitu. Nami sisikii. Nilijaribu pia kuhesabu kwa saa ya simu noti inadumu sekunde ngapi. Shaba ilizidi kidogo, ila kidole hakipigi kwa nguvu ile ile kila mara, kwa hiyo hesabu hiyo siitegemei.

Sababu yake si ya ajabu. Pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, husoma mtetemeko wa uzi. Sadeli ikiwa ngumu na imekaa imara, uzi unabaki na nguvu yake. Ikiwa laini, au inacheza kwenye skurubu zilizolika, inaila ile nguvu, na zinazotangulia kufa ni sauti za juu kabisa, zile zinazoipa noti makali yake. Shaba ya njano ni nzito, kama gramu 8.5 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma cha pua 7.8, mchanganyiko wa zinki hauvuki sana 6.6. Wala shaba si jambo geni: gitaa za Telecaster za mwanzo, miaka ya mwanzo ya 1950, zilikuwa na sadeli tatu za shaba, kila moja imebeba nyuzi mbili. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ikaja na sita za bati la chuma lililokunjwa, na mlio wake mkali una deni kidogo hapo. Nasema kidogo, kwa sababu pikapu zina sehemu kubwa zaidi.

Tatizo la shaba ni hewa yetu. Baada ya miezi mitatu ya Paje, kusi likivuma kutoka baharini kila jioni, zilipiga weusi na pembeni zikaota kijani. Hilo halinisumbui, bibi yangu husugua mrashi na sinia zake za shaba kwa ukwaju, nami nilifanya vivyo hivyo, nikasuuza na kukausha vizuri. Kilichonisumbua ni skurubu. Chuma cha kawaida kikigusana na shaba penye unyevu wa chumvi hushika kutu haraka zaidi kuliko kikiwa peke yake. Mbili ziligoma kabisa kuzunguka. Ukinunua shaba, nunua na skurubu za chuma kisichoshika kutu, usiseme nitafanya baadaye.

Nyuzi zilikatika kidogo kuliko zamani, ila hazikuacha. Ndipo nikajaribu zile nyeusi za Graph Tech ya Kanada, ziitwazo String Saver. Hizi si chuma. Zimetiwa ndani yake kitu kile kile cha utelezi kinachopakwa kwenye kikaango kisichoshika chakula, na uzi unateleza badala ya kusagika. Pamoja na usafirishaji zilinitoka zaidi ya laki moja. Mlio wake ni wa upole, ule ukali wa mwanzo wa noti unapungua, na kwenye nyuzi nene niliona gitaa limepoa kupita nilivyotaka. Lakini huu ni mwezi wa nne, na uzi wa kwanza haujakatika hata mara moja.

Sasa nimechanganya: nyeusi kwenye nyuzi tatu nyembamba, shaba kwenye tatu nene. Wapo watakaosema haifai, na kweli ukipita polepole kutoka uzi wa tatu hadi wa nne kwenye chumba kimya utasikia kizingiti kidogo. Kwa taarab ya kisasa, ambapo gitaa na kinanda vinagombea nafasi moja juu, upole ule wa nyembamba ndio ninaoutaka, na besi ya mkono wangu inabaki na uzito wake.

Mwenye gitaa la zinki ambalo halikati nyuzi, nisingemtuma atumie laki yake hapa. Aanze na pikapu, au aende kwa fundi akapange freti. Lakini kama unapiga ufukweni na nyuzi zinakukatikia darajani, anza na nyeusi.

Ukishafunga, chukua kipimo cha kutyuni ulinganishe noti ya freti ya 12 na ile kengele ya uzi unapougusa tu juu ya freti hiyo. Ya freti ikipanda, sogeza sadeli nyuma, ikishuka, ivute mbele. Kila nikirudi kutoka Paje nafuta daraja kwa kitambaa kikavu kabla ya kulala, na kabla ya masika natia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila skurubu, kwa ncha ya njiti ya kiberiti, nisilowanishe uzi.