Peavey 6505 MH au Boss Katana 50?

Mpiga gitaa la metali ambaye mfuko wake haujatuna mara nyingi hujikuta kati ya amplifaya hizi mbili. Peavey ni kichwa cha valvu (amplifaya isiyo na spika) cha wati 20, kinachoweza kushushwa hadi 5 au 1. Katana ni ya transista, wati 50, spika ya inchi 12 imo ndani.

Usizipime kwa solo. Laza ubavu wa kiganja karibu na daraja la gitaa, piga uzi mnene, kisha nyamaza ghafla. Peavey inagonga kifua halafu inakata. Noti zilizopigwa pamoja bado zinasikika moja moja hata geini, yaani kiwango cha mkwaruzo wa sauti, ikiwa juu. Katana kwenye chaneli ya Brown, ile ya mkwaruzo mzito, inaikaribia, ila geini ikizidi sauti inajaa ukungu. (Na wengi huizungusha hadi mwisho, sijui kwa nini.)

Kwenye thamani hesabu inageuka. Peavey inadai kabineti ya spika, na valvu huchakaa. Katana inashuka hadi nusu wati, na mwangwi imebeba yenyewe. Kwa mazoezi ya chumbani ningechukua Katana. Mwenye bendi yenye ngoma nzito achukue Peavey, kabineti atafute ya mtumba.