Uzoefu wangu: darasa la barre Masaki

Barre ni mazoezi ya viungo yaliyotokana na baleti, ila kwanza niwatoe hofu mnaoogopa kucheza mbele za watu: hakuna kucheza. Kuna ule mti mrefu uliofungwa ukutani usawa wa kiuno, kama wa wacheza baleti, na wewe unaushika usianguke. Saa nzima unasogea hatua mbili tatu tu.

Kazi iko miguuni. Unagusanisha visigino, unafungua magoti kwa pembeni, unanyanyuka kwa vidole, unashuka nusu, basi unabaki hapohapo. Mwalimu anaita "chini kidogo, juu kidogo", na hiyo kidogo yenyewe ni kama sentimita mbili. Nikawa najiuliza shilingi 30,000 zangu nimelipia nini. Wimbo wa pili haujaisha, mapaja yanatetemeka kama bajaji inayosubiri abiria! Mwalimu anapita anafurahi, eti ndicho anachokitaka, msuli ukishikiliwa mahali pamoja bila kupumzishwa ndipo unapofanya kazi. Mimi ni mtu wa kukimbia Toure Drive asubuhi, lakini kesho yake kushuka ngazi za ofisini ilikuwa shughuli.

Baadaye kuna vyuma vya kilo moja moja vya mikono (usividharau), na mpira mdogo wa kubana katikati ya magoti.

Mimi nilifuata mgongo, maana kazi yangu ni ya kukaa. Mtindo huu ulianzishwa London mwaka 1959 na Lotte Berk, mcheza densi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa ameumia mgongo, kwa hiyo nilijua siendi kubahatisha. Sisemi nimepona, ila sasa nakaa wima bila kujikumbusha. Anayetaka kupungua kilo haraka aende akaruke kamba, huku jasho ni la kiasi.

Soksi zenye vidoti vya mpira chini ni lazima, na mapokezi wanaziuza bei ya kukomoa. Nunua zako Kariakoo kabla hujaenda. Mavazi hayana masharti. Kuna dada anakuja na hijabu na fulana ndefu, na anatushinda wote kwa kushuka.

Kifurushi cha mwezi sijachukua. Nalipia darasa moja moja, la Jumanne jioni, kwa sababu la Jumamosi wanajaza watu mpaka ukinyoosha mguu unampiga jirani.