Mswaki wa mti, mafuta ya karafuu, mkaa: kipi ununue kupambana na ukoga

Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft huko Uholanzi aliyejitengenezea lenzi zake mwenyewe, alikwangua uchafu mweupe ulionasa katikati ya meno yake akautazama kwa hadubini. Akaona vijidudu vikijongea. Akajaribu kusukutua kwa siki, na alichogundua ni kwamba vilivyokufa ni vile vya juu tu. Vya ndani ya utando siki haikuvifikia.

Kipimo cha orodha hii nimekitoa hapo. Ukoga si mabaki ya chakula, ni bakteria walioshikamana kwenye jino na kujifunika kwa gundi wanayoitengeneza wenyewe, tena sukari tunayokula ndiyo malighafi yao kubwa. Dawa ya maji hugusa tabaka la juu, utando wenyewe hutolewa kwa kusugua. Kwa hiyo kinachosugua na kubeba dawa kwa pamoja nimekiweka juu, kinachobeba dawa tu kinafuata, na chenye ushahidi mdogo au madhara kiko mkiani. Ukoga uliokwisha kuwa ugaga, ule mgumu wa njano kwenye mashina ya meno, hauna dawa dukani. Huo hukwanguliwa na daktari wa meno, kwa hiyo usiutafutie chupa.

1. Mswaki wa mti

Ni kijiti cha mti uitwao mswaki (Salvadora persica), ule unaouzwa kwa mafungu nje ya misikiti, na siku hizi pia uliofungwa kwenye plastiki kutoka Pakistan. Nyuzi zake husugua, utomvu wake ni dawa. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha kuwa mizizi ya mti huu ina benzili isothayosayaneti, kemikali iliyoua kwa kasi bakteria kadhaa wa magonjwa ya fizi kwenye maabara. Ni ya ukoo mmoja na zile zinazofanya haradali na figili ziwashe hadi puani. Mnunuzi anapata faida hapo, kwa sababu kemikali hii huruka hewani: mswaki ambao ukiutafuna hauwashi hata kidogo wala hautoi harufu, umenunua kuni.

Chagua wenye unene wa kalamu au kidole cha mwisho, unaopinda bila kukatika, ganda lisiwe na ukungu. Menya kama sentimita moja, tafuna mpaka nyuzi zitawanyike, kisha sugua kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Wanaosugua kwa nguvu kwenda na kurudi ndio fizi zao hurudi nyuma mpaka mizizi ya meno ikaonekana. Ncha iliyotumika ikate kila siku. Usiulaze kwenye glasi ya maji usiku kucha, dawa itahamia kwenye maji.

Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1986 kwa jamii zenye mila hiyo. Anayefunga Ramadhani hana sababu ya kuukosa, ingawa wengi wanaofuata madhehebu ya Shafii huuweka kando baada ya adhuhuri. Udhaifu wake ni upande wa ndani wa meno na magego ya nyuma kabisa, haufiki vizuri. Na floraidi iliyomo haitoshi kulinda jino lisitoboke, ndiyo maana usiku bado unahitaji namba mbili.

2. Dawa ya meno ya mitishamba yenye floraidi

Maneno mawili ya mwisho ndiyo unayoyalipia. Mbele ya boksi utaona majani ya mwarobaini, mnanaa na karafuu kwa rangi za kuvutia, lakini geuza nyuma usome. Unatafuta floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa milioni). Nyingine hujisifu kwamba hazina floraidi kabisa, na kwa mtu mzima anayekunywa soda na chai ya sukari hiyo si sifa hata kidogo. Tafuta pia alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya.

Tahadhari iko kwa watoto, hasa Arusha, sehemu za Kilimanjaro, na Nakuru na Naivasha ndani ya Bonde la Ufa, ambako maji ya ardhini yenyewe yana floraidi nyingi na meno ya kahawia ni jambo la kawaida. Mtoto asiyejua kutema humeza dawa juu ya hayo maji. Chini ya miaka mitatu mpakie kiasi cha punje ya mchele tu, mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, na mzazi asimame hapo hapo.

3. Maji ya kusukutua yenye mafuta ya mimea

Soma kama yana thaimoli, yukaliptoli, mentholi na methili salisileti. Mchanganyiko huu ulianza na Listerine mwaka 1879 nchini Marekani, na majaribio ya miezi sita yameonyesha kwamba hupunguza ukoga kwa watu ambao tayari wanapiga mswaki. Kwa asiyepiga mswaki, turudi kwa Leeuwenhoek na siki yake. Aina ya zamani ina pombe zaidi ya asilimia 20. Kama hiyo inakusumbua kwa dini au kwa kinywa kikavu, kuna isiyo na pombe. Duka la dawa wanaweza kukupa kloroheksidini, dawa ya kuua bakteria, badala yake. Ina nguvu zaidi, lakini si ya mimea, hupaka meno rangi ya kahawia (wanywa chai ndio huumia zaidi), na ni ya muda mfupi kwa maelekezo ya daktari.

4. Bigijii ya zailitoli

Zailitoli ni sukari ya mimea ambayo bakteria wa kutoboa meno hawawezi kuigeuza kuwa asidi. Watafiti wa Turku, Ufini, waliifanyia majaribio makubwa miaka ya 1970. Zailitoli iwe ya kwanza kwenye orodha ya viambato. Bigijii nyingi zimejaa sorbitoli, kitamu kingine, na zailitoli kidogo ya kupambia jina. Mwenye mbwa aifiche, kwa mbwa ni sumu.

5. Mafuta ya karafuu

Najua wa Pemba watalalamika kuyakuta huku chini. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta haya, huua bakteria kweli na hutia ganzi kweli, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba meno. Tatizo ni matumizi ya nyumbani. Mafuta matupu huunguza fizi, na ganzi yake humfanya mtu akae miezi na jino linalooza. Mtoto akiyameza yanaweza kumharibu ini, hata kiasi kidogo.

Ukiyanunua kwa ajili ya dharura ya usiku, yajaribu kwanza. Mafuta safi ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo tone lake huzama. Likielea, kuna mkono wa mtu na mafuta ya kupikia. Nunua ya chupa ya kioo yenye rangi nzito, kwani yujenoli hula baadhi ya plastiki. Ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kama yanayotolewa kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake, si bandia, ila ni makali. Tone moja ndani ya kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba, gusa jino, asubuhi nenda kliniki.

6. Mafuta ya nazi ya kusukutua

Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, inayoua baadhi ya bakteria, na kuna tafiti ndogo zinazoyasifu. Dakika kumi au ishirini za kuzungusha mafuta mdomoni, halafu bado upige mswaki. Mwenye muda huo na afanye. Wa Nairobi na Arusha mteme kwenye taka, chini ya nyuzi 24 huganda kwenye bomba la sinki.

Mafuta ya mwarobaini yasiguse kinywa cha mtoto kamwe, yamewahi kuwapa watoto wachanga sumu kali. Kijiti chake cha uani ni salama, nacho ni cha bure.

7. Unga wa mkaa

Mwaka 2019 jarida la British Dental Journal lilipitia tafiti zilizopo na kukuta ushahidi wa faida zake hautoshi. Chembe zake hukwangua enameli, tabaka gumu la nje la jino, ambayo ikiisha hairudi, na huingia kwenye kingo za meno yaliyozibwa zikaacha mistari myeusi. Mkaa wa jikoni uliotwangwa ni mbaya zaidi. Kama kopo la dukani tayari liko nyumbani, lifungue uliweke ndani ya friji. Kwa harufu ya samaki linafanya kazi vizuri.