TAHADHARI finalisti wote: yule "Dokta wa Risachi" anayeshusha plejarizimu ni TAPELI

Jamani naandika hapa huku mikono inatetemeka kwa hasira. Mnaojua mwaka huu wangu ulivyoenda mnajua, sirudii.

Yule jamaa wa steshenari karibu na geti la hosteli, yule wa meza ya kona. Nilimpelekea ripoti yangu ya risachi, ile ya wakulima wa alizeti Singida, na kabla hamjaanza kukomenti, KAZI NILIANDIKA MWENYEWE, dodoso nilizunguka nazo mwenyewe juani, nilichotaka ni kujua similariti, yaani asilimia ya kufanana na kazi za wengine, ikoje kabla ya kusabmiti kwa supavaiza, na supavaiza wangu mnamjua, hapokei simu wala hana utani.

Akachomeka flashi, akafungua Turnitin kabisa, ile programu ya kupima kazi za kunakili, mbele yangu, logo naiona, jina langu naliona pale juu, dakika chache ikaja asilimia 34, rangi ya njano. Akatikisa kichwa kama daktari anayekupa majibu mabaya, akasema "dada'angu hii ukiipeleka hivi unarudi nyumbani, niachie elfu 60 kesho uikute kijani". Sasa mtu ana Turnitin yake, anajua APA toleo la 7, ule mtindo wa kuandika refarensi, ukutani kabandika picha za watu na majoho wanamshukuru, na roommate wangu ndiye aliyenielekeza kwake, ungekuwa wewe ungekataa? Boom lenyewe, hela ya mkopo, ndo lilikuwa limeingia. Nikatuma hela, jina lililokuja kwenye simu ni la mwanamke, akaniambia ni wife. Sawa. Kesho yake kweli, 9, kijani, nikamshukuru mpaka soda nikamnunulia mshenzi yule.

Idara wakapima. 92. NYEKUNDU.

Kumbe ile akaunti yake ni ya darasa la chuo fulani cha nje huko, na kila anachopandisha kinabaki kwenye hifadhi ya Turnitin kama kazi ya mwanafunzi wa kule. Kwa hiyo idara walipoingiza yangu ikaonekana nimemwibia mtu, na mtu mwenyewe ni mimi! Afu huko "kushusha" kwenyewe alipitisha kwenye programu ya kubadilisha maneno, wale wakulima wadogo kwenye Kiingereza changu wamegeuka "short farmers", supavaiza ananiuliza mbele ya watu hao wakulima wafupi uliwahoji kijiji gani. Watu wakacheka. Na kwenye refarensi kaniongezea vitu ambavyo ukiweka DOI zake, zile namba za utambulisho wa makala, kwenye doi.org hakuna kinachofunguka, hewa tupu.

Nilivyorudi ananiambia "hilo ni tatizo la mtandao". MTANDAO!! Huyu mtu afungiwe hiyo meza, ashtakiwe, ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 si ipo, au ipo kwa ajili ya wanaotukana tu? Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Na hao wenye picha ukutani nina hamu sana ya kujua kama wanajua zipo pale.

Mtamjuaje: hatoi risiti, hela inaenda jina lingine, ripoti ya Turnitin anakuonyesha kwenye skrini tu hakupi faili lake, ukimuuliza akaunti ni ya nani anabadilisha stori. Na kupima rasimu ombeni maktaba au supavaiza, waambieni waweke isihifadhiwe, hiyo setingi ipo kabisa, mi nimeelekezwa nikiwa tayari naandika barua ya kujieleza idarani. Tunzeni na rasimu zenu za zamani zote zenye tarehe, hizo ndo zinanitetea saa hizi.

Kama kuna mtu flashi yake iko kwake muda huu aache kusoma hapa akaifuate, asisubiri kesho, jamaa anaanza kupandisha jioni.